Mkutano tuliousogeza hadi mbalamwezi

Mkutano wangu wa kwanza wa kuzuia kipindupindu katika kijiji kile cha mwambao, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ulihudhuriwa na watu 11. Barua kwa mtendaji nilikuwa nimeituma wiki mbili kabla, mpiga mbiu alishapita, na mimi nilitoka mjini alfajiri kwa boti na mabango yangu yamekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Tulikaa chini ya mwembe tangu saa nne hadi saa sita. Katika hao 11, saba walikuwa wajumbe wa serikali ya kijiji.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyeanza kuvua enzi za karabai, alinisindikiza hadi ziwani. "Mwanangu," akaniambia, "umekuja giza limekolea. Wanaume wametoka majini alfajiri, sasa wamelala. Wanawake wako mchangani wanaanika. Nani aje akusikilize?"

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Tangu utoto najua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukishang'aa taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani na watu hupumzika. Nilijua vizuri kabisa, ila ratiba ya shirika letu ilipangwa kwa tarehe za ripoti za wafadhili, na sikuwahi kuiweka mezani pamoja na mwandamo wa mwezi. Usiku ule nilichukua kalenda nikazungushia wino siku za mbalamwezi, miezi sita mfululizo. Hizo ndizo zikawa siku zetu za kazi.

Kilichotupeleka kule ni kipindupindu. Kwetu Kigoma neno hilo halihitaji maelezo marefu. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa hapo mpakani, ugonjwa uliwakuta wamelala nje, wakinywa maji ya ziwa na kujisaidia kandokando yake. Watu 31 walifariki katika wiki chache, karibu wote wakimbizi. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilifanya safari baada ya safari kuwaleta watu mjini, nao wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa miongoni mwa waliojitolea pale uwanjani kuchanganya maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja, ndoo baada ya ndoo. Niliona mtu mzima akiingia anatembea asubuhi, na mchana macho yameshazama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Niliona pia mtoto akinyweshwa kijiko kwa kijiko usiku kucha na kulipokucha akaomba uji. Ndiyo sababu nikaingia kwenye kazi hii, na sijapata sababu ya kuiacha.

Shida ya vijiji vyetu vya mwambao ni kwamba ziwa lenyewe ni zuri. Maji ya Tanganyika ni maangavu, ukisimama kiunoni unaona vidole vyako. Ukimwambia mtu kuwa maji hayo yanaua, unamwambia kitu ambacho macho yake yanakikataa. Mabango yangu yalikuwa na picha ya nzi, kinyesi na sahani ya ugali. Wameshayaona, zahanati inayo.

Mkutano wa pili uliitishwa siku mwezi ulipokuwa umetimia, baada ya alasiri. Sikuhesabu, lakini mwembe haukutosha, tukahamia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Bango sikulikunjua. Nilimwomba mwenyekiti awaombe watu wachore kijiji chao mchangani: kokoto ziwe nyumba, majani yawe vyoo, na majivu yawekwe kila mahali ambapo watu hujisaidia, bila kumtaja mtu. Watoto walikimbilia kazi hiyo kwa furaha, kisha wanawake wakaanza kuwasahihisha, kisha wanaume. Kokoto zilikuwa nyingi. Majani yalihesabika. Majivu yaliendelea kuongezeka, hasa kwenye korongo linaloshuka kutoka mlimani na nyuma ya mawe makubwa ya upande wa kusini, ambako wavuvi wa dago, wale wageni wa muda, huweka kambi.

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliinuka na ndoo yake ya njano, akaiweka kwenye ramani ufukweni, chini ya korongo. "Mimi huchota hapa," alisema. Kutoka kwenye ndoo hadi kwenye majivu palikuwa na hatua tatu za mtoto. Mzee mmoja hakusema neno. Alichukua kopo, akateka maji ziwani, akayamimina taratibu upande wa juu wa ramani, pale palipokuwa mlima. Maji yakashuka na korongo, yakabeba majivu, yakaizunguka ndoo pande zote.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa na sijawahi kusikia kimya kama kile. Kisha kila mtu akaanza kuongea kwa pamoja.

Mazungumzo yalikwenda hadi baada ya isha, mwezi ukitumulikia. Hoja nzito ilitoka kwa kijana mmoja: walishachimba vyoo. Mradi mwingine ulipita miaka ya nyuma, ukagawa sakafu za zege, ukapiga picha, ukaondoka. Mvua za kwanza za masika mashimo yakabomoka, kwa sababu ardhi ya chini pale ni mchanga mtupu. Choo kimoja kilizama na ukuta wake. Nani atawaambia watu wachimbe tena? Sikuwa na jibu, na nilisema hivyo.

Jibu alilitoa fundi mitumbwi. Alisema mchanga hauwezi kusimama peke yake, lazima ushikwe, kama ubao wa mtumbwi unavyoshikwa na mbavu. Kigoma ni nchi ya mawese, na mapipa ya mafuta yaliyochakaa hayakosekani. Akapendekeza yakatwe juu na chini, yashushwe moja juu ya jingine kadiri shimo linavyochimbwa. Bwana afya wa kata, tuliyekuja naye, aliongeza masharti yake: mita 30 kutoka mahali pa kuchota maji, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wanaoishi karibu mno na ziwa wakaambiwa wajenge choo cha kuinuka, chenye ngazi, kilichozungushiwa mawe na udongo wa mlimani. Choo cha kwanza cha mapipa kilijengwa kwa fundi mwenyewe. Kilipomaliza masika bila ufa, hatukuhitaji kuhubiri tena.

Kwenye pesa ndipo tulipokaribia kuvunjana. Wajumbe walidai posho, na wala siwalaumu, kwani miradi ndiyo iliyowazoesha. Niliamua kitu ambacho baadhi ya wenzangu ofisini waliona ni hatari: niliandika bajeti yetu yote ya kijiji kile kwenye karatasi kubwa, mstari kwa mstari, mafuta ya boti, mshahara wangu wa siku nitakazokuwa pale, posho, viburudisho, uchapishaji, nikaibandika ukutani kwa mtendaji. Mbalamwezi iliyofuata watu waliisoma kwa sauti. Mama yule wa ndoo ya njano akauliza, "Hizi za viburudisho na posho zikiwekwa pamoja ni mapipa mangapi?" Tukapiga hesabu pale pale. Baada ya hapo aliyetaka posho alikuwa anaomba pipa la jirani yake. Ilinichukua mwezi mzima wa barua kuwashawishi wafadhili wakubali kuhamisha vifungu, na walikubali.

Michango ya kijiji ilipangwa kwa namna yao, si yangu. Kila chombo kitatoa ndoo moja ya dagaa kwa kila kipindi cha giza. Wanawake watatu waliochaguliwa na mkutano watawauza, na daftari litasomwa hadharani kila mbalamwezi. Wajane na wazee wasio na nguvu vijana wawachimbie. Mwenye nguvu akikataa kujenga, faini. Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha hayo kuwa sheria ndogo, ikapelekwa halmashauri kuidhinishwa kama Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inavyotaka. Tulijaza fomu na kufuatilia muhuri, tukashukuru Mungu ulipopatikana.

Dawa ya kutibu maji ilileta uvumi. Ilisemwa kwamba klorini inaua nguvu za kiume na kuwafunga wanawake uzazi. Mhudumu wa afya wa kijiji alieleza, shehe akaeleza baada ya sala ya Ijumaa akiunganisha na mafundisho ya twahara, yaani usafi, katekista naye Jumapili, na bado watu walikuwa wanamwaga dawa. Uvumi ulikwisha mwaloni, siku kijana alipourudia mbele ya watu. Mchuuzi mwingine, mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumsikia mkutanini, alisimama akashika tumbo. "Mimi natia hiyo dawa tangu Februari. Mimba hii ina miezi minne. Nani kafungwa?" Hesabu ilieleweka kwa kila mtu, ilikuwa Julai.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Niliogopa. Ndoo za dagaa zilikoma, mfuko ukakauka, na njaa ilikuwa inaonekana nyumbani kwa watu, hilo sitalificha. Lakini wanaume walikuwa nyumbani miezi mitatu, jambo ambalo hawakuwahi kulipata. Walichimba. Walibeba mawe kutoka korongoni kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, kitongoji kwa kitongoji, na wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa wakatoa kwenye hisa zao fedha za saruji ya choo cha mwaloni, kile cha wavuvi wa dago. Nje ya mlango kuna kibuyu chirizi: kidumu cha lita tano kimening'inizwa, unakanyaga kijiti chini, kamba inavuta, maji yanachirizika, na kipande cha sabuni ya mawese kimetobolewa na kufungwa pembeni ili watoto wasiondoke nacho. Kamba hukatika karibu kila wiki. Kuna mtoto wa darasa la nne aliyepewa kazi ya kuifunga upya, na anaikagua kuliko mimi ninavyokagua ripoti zangu.

Dago ndilo bado linatusumbua. Wavuvi hufuata samaki, wanakuja kutoka vijiji vya mbali, wanakaa giza mbili tatu na kuondoka, na hawakuwepo siku ya ramani. Kamati sasa humpokea kila nahodha mgeni anapotia nanga: anaonyeshwa choo, anapewa dawa ya maji na anaambiwa habari ya ndoo moja. Wengine wanaitikia, wengine wanalala nyuma ya mawe yale yale.

Mwaka jana, usiku wa giza, kijana mmoja wa dago aliharisha na kutapika mfululizo. Barabara kijijini hakuna. Mhudumu wa afya aliamshwa, akamwanzishia maji ya chumvichumvi pale pale mchangani, na akapanda naye kwenye boti ya jirani huku akiendelea kumnywesha hadi kituo cha afya. Mafuta yalilipwa na fedha za ndoo. Waliobaki walimwagia klorini pale alipotapikia, wakawahoji wenzake tisa kama kuna mwingine anayeumwa tumbo, na kabla ya jua kuchomoza mpiga mbiu alikuwa ameshapita kukataza kuchota maji upande ule. Vipimo vilionyesha kuwa si kipindupindu.

Mimi nilipata habari saa mbili asubuhi, kwa ujumbe wa simu wa yule mama wa ndoo ya njano, ambaye sasa ndiye mtunza daftari. Nilimpigia nikamuuliza kama niondoke mjini muda huo.

"Hapana dada, kijana anaendelea vizuri," alisema. "Ukija mbalamwezi tuletee klorini, iliyopo imebaki nusu kopo. Na ndoo mbili zenye mfuniko na koki. Tutakulipa kwenye daftari."