"Papapapa" iko neno ao mutoto anacheza na mudomo?

Huku kwetu Bukavu, mutoto akitoa tu "papapapa", papa yake anapigia bandugu bote simu, eti mutoto ameisha kumuita. Ile furaha minaielewa sana, ata bwana yangu alikuwa nayo. Lakini minaona tunahesabu mbio vitu vyenye bado haviko neno, kisha maneno ya kweli yanatupita.

Kuanzia myezi 6 mupaka 10 hivi, batoto banaanzaka kurudilia sauti: bababa, mamama, dadada. B, m na p zinatanguliaka ju ni za midomo, unafunga, unafungua, imetoka. Mutoto atasema "papapa" akiangalia ukuta, akioga, papa akiwepo ao akiwa kazini. Anajizoeza, na ile zoezi iko na maana, ila bado haiite mutu.

Yangu, neno yake ya kwanza ilikuwa "pu". Ampule, ile taa ya umeme! Umeme ukirudi mangaribi, batu bote mu kartie banapiga kelele, na yeye ananyoosha kidole juu, "pu!", kisha ananiangalia kama nimeona na mie. Mwanzo nilinyamaza, nikamungojea. Akasema "pu" kwa koko yake kule Kadutu, akasema kwa toshi ya telefone, na hakuna mutu alikuwa amemwambia "sema, sema". Pale njo nilikubali: sauti ni ile ile, kitu ni kile kile, fasi tofauti, na anaitoa mwenyewe ju anataka kuniambia kitu. Kama haifanane na ya wakubwa haina neno. Na kuita toshi ampule si kosa, batoto bengi banapanulaka maneno hivyo.

Kuelewa kunatangulia kusema, na mbali sana. Mu 2012, Elika Bergelson na Daniel Swingley balionyesha kule Marekani kama batoto ba myezi 6 mupaka 9 banaangalia picha ya chakula ao kiungo cha mwili yenye mama anataja. Kwa hiyo muongelesheni, ata kama anajibu bababa tu!

Bamoja bananiambiaka niache kumuchanganyia Mashi ya koko, Kiswahili ya nyumba na Kifaransa ya papa yake, eti atachelewa. Hapana, batoto ba luga mbili banaanza karibu wakati moja na bengine, na neno ya luga yoyote inahesabika, ata "mee" ya mbuzi kama anaitumia kwa mbuzi.

Chenye kinanihangaisha zaidi ni mutoto mwenye kunyamaza. Mwenye hasikie anaweza kulia na kucheka kama bengine, lakini bababa inachelewa. Akifika myezi 10 bila zile sauti, mupeleke bamupime masikio. Akifika 15 ao 16 bila ata neno moja, ao hanyooshe kidole, haage na mukono, ongea na munganga, usingoje eti kwenu bote balichelewaka kusema.