Nilivyokaribia kuilaumu hospitali bure

Jedwali la kwanza la tasnifu yangu lilinitisha. Watoto wachanga waliozaliwa hospitali ya wilaya walikuwa wanafariki zaidi kuliko waliozaliwa zahanati. Nikaandika aya nzima ya kuilaumu hospitali. Msimamizi wangu aliisoma, akauliza: "Nani anapelekwa hospitali, na kwa nini?"

Akanipa karatasi nikokotoe kwa mkono utafiti wa mawe ya figo uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, asilimia 78. Njia ya kutoboa tundu dogo ilifanikiwa kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Tundu limeshinda. Kisha akaniambia niwagawe kwa ukubwa wa jiwe. Mawe madogo: upasuaji 81 kati ya 87, tundu 234 kati ya 270, asilimia 93 kwa 87. Mawe makubwa: 192 kati ya 263, na 55 kati ya 80, asilimia 73 kwa 69. Upasuaji umeshinda kote kuwili! Nilirudia hesabu mara tatu. Kumbe wenye mawe makubwa ndio waliopelekwa zaidi kwenye upasuaji, na jiwe kubwa ni gumu kutibika kwa njia yoyote. Natamani kila mwanafunzi afanye hesabu hii kabla hajafungua kompyuta.

Nikachora mishale ya nini kinasababisha nini: hali ya mama inaelekea kwenye rufaa, na hali hiyohiyo inaelekea kwenye kifo cha mtoto. Nikarudi kwenye mafaili, nikaandika kila mama alikuwaje kabla ya kuondoka zahanati: kifafa cha mimba, kutokwa damu, uchungu pingamizi. Kwa wasio na tatizo, pengo lilipungua sana. Wenye matatizo waliojifungulia zahanati walikuwa wachache mno, nikaacha kuwalinganisha.

Kosa la pili nilikaribia kulifanya kwa bidii. Nilitaka kuingiza alama ya Apgar, kipimo cha hali ya mtoto mchanga (kupumua, mapigo ya moyo, rangi), kwenye regresheni, yaani hesabu ya kulinganisha makundi huku vigezo vingine vikishikiliwa sawa, nikidhani vigezo vingi ndiyo usalama. Lakini alama hiyo hupimwa mtoto akishazaliwa. Huduma nzuri au mbaya hupitia humohumo kabla ya kufika kwenye uhai wake. Ningeidhibiti, ningefuta kile ninachokitafuta. Nikaitoa.

Bado kuna kitu kinachoweza kuvuruga ulinganisho: umbali aliosafiri mama haukuandikwa popote. Nimeomba rejista za vijiji, naanza kuzisoma Jumatatu.