Ukingo wa Dari

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 13:4-5

Mwendesha pikipiki akifa barabarani, msibani husikika kauli mbili: kwamba siku zake zilifika, au kwamba alikuwa mkaidi. Yesu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwafanya wakosefu kuliko wengine. Lakini hakuwaacha wasikilizaji wake waende zao hivi hivi, aliwataka wageuke. Torati nayo inamwamuru mjenzi aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa tambarare la nyumba, maana mtu akianguka pasipo ukingo, damu iko juu ya nyumba ile. Agizo hilo halitaji maombi. Linataja ukingo.

Tuwatazame basi waliotangulia, bila kuwahukumu.

Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza kwa kina. Pikipiki ilipogongana na gari, mara nyingi gari ndilo lililokata njia, na dereva wake hakuwa ameiona pikipiki. Mwendeshaji alibaki na sekunde zisizofika 2. Kosa lililojirudia ndani ya muda huo ni hili: alikanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu likajifunga na kuteleza, huku ya mbele akiitumia kidogo mno.

Unapofunga breki, uzito huhamia mbele. Tairi la nyuma hupungukiwa na mzigo, likajifunga upesi. La mbele hukandamizwa chini na kushika zaidi, kiasi kwamba kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha. Ila ukiinyaka breki ya mbele ghafla, kabla uzito haujafika, gurudumu hujifunga na uko chini papo hapo. Ianze taratibu mpaka uhisi shokomzoba za mbele zimebonyea, kisha ongeza nguvu. Jifunze kwenye uwanja mtupu na mkavu, pikipiki ikiwa wima, ukianza na kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40. Kwenye mchanga au lami yenye maji, bana kwa upole zaidi. Mkono usiozoea haujifunzi siku ya hatari.

Tena kuna hesabu isiyobembelezeka. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka hula takriban mita 17 kabla breki haijaguswa. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huwa mara nne. Ndiyo maana kwenye makutano vidole vikae tayari juu ya breki, na mwendo upungue hata kama haki ya njia ni yako.

Wengine hufa pasipo gari lolote, kwenye kona. Huingia kwa kasi, huogopa, hukodolea macho ukingo wa barabara na kuufuata huo huo. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha tazama unakotokea. Pombe sina haja ya kuieleza.

Kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 40, lakini ikiwa imefungwa. Funga mkanda chini ya kidevu, vidole viwili tu vipite. Kisha ishike kwa nyuma uisukume kwenda mbele. Ikivuka kichwa, haikufai. Povu la ndani hufyonza kishindo kwa kusagika, na likisagika halirudi, hivyo kofia iliyopigwa kwa nguvu hubadilishwa hata kama ganda linang'aa.

Abiria ndiye anayetukumbusha zaidi ile nyumba ya Torati, kwa kuwa yeye yuko darini kwetu. Nunua kofia ya pili inayomkaa, na kabla ya kuwasha injini umfungie mkanda wewe mwenyewe. Akikataa kuivaa, asipande.