Tumehesabu magurudumu mpaka tukapotea

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu Makumbusho ya Reli, Nairobi. Tukasimama mbele ya injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai. Akaanza kuhesabu magurudumu, akapotea. Nikajaribu mimi, nikapotea pia! Tukarudi mwanzo, safari hii kidole kikigusa chuma kimoja kimoja: manne madogo, manane makubwa, mawili. Halafu mawili, manane, manne. Jumla 28.

Kumbe ni injini mbili zimebeba boila moja (tangi la kuchemshia maji) katikati, kama watu wawili na machela. Kila upande unajigeuza kivyake, ndiyo maana dude la tani 252 liliweza kukata kona kwenye reli yenye upana wa mita moja tu, uzito wake umegawanywa kwenye ekseli 14. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda injini 34 za aina hii miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima yetu, zikawa zinapandisha mizigo kutoka Mombasa. Zilichoma mafuta mazito. Mimi miaka yote nilidhani ni makaa ya mawe, na nilishamwambia mtoto hivyo kwa kujiamini kabisa.

Shati lake jeupe limerudi na grisi. Dada hajanipigia bado.