Magauni matano na khanga moja

Siku ya tisa tangu nirudi kazini, maziwa yalinitoka mbele ya watu 11.

Nilikuwa nimesimama nasoma hesabu za robo mwaka. Nimevaa blauzi ya krimu, ile ya kitambaa cha kuteleza niliyoinunua kabla ya ujauzito na kuipenda kuliko nguo zangu zote. Titi la kushoto likaanza kuuma na kupata moto, kama linavyofanya saa ya mtoto kunyonya inapopita. Kabla sijamaliza mstari niliokuwa nausoma, doa lilishafika kifungo cha tatu. Niliendelea kusoma kwa sababu sikujua la kufanya. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anaandika muhtasari wa kikao. Aliinuka, akatoa khanga kwenye mkoba wake, akanifunika kuanzia mabegani hadi tumboni. "Malizia tu kusoma, mwanangu," akasema, akarudi kukaa.

Baadaye nilimfuata nimrudishie khanga yake. Akakataa. Ilikuwa kipande kimoja cha doti, nyekundu na nyeusi, jina lake *Nani kama mama*. Kipande cha pili kilikuwa kwake. "Kaa nacho. Mwenye mtoto mchanga hatembei bila khanga. Na hizi nguo za kung'aa zipumzishe kwanza."

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, kama sheria ya ajira inavyosema, na nilikuwa nimeianza wiki mbili kabla ya kujifungua. Kwa hiyo narudi ofisini mwanangu hajatimiza hata miezi miwili na nusu. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Lakini mimi naishi Kimara na kazi ipo Posta; saa mbili hizo ningezimalizia Barabara ya Morogoro. Nikaandika barua, nikaomba nizitumie mwisho wa siku, nitoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Jibu lilichukua wiki tatu na lilikuja kwa kununa, lakini lilikuja. Nawaambia akina mama wenzangu hili kila ninapopata nafasi, maana wengi hawajui kwamba ni haki yao na hawajawahi kuiomba.

Sasa asubuhi. Naamka saa kumi na nusu, nakamua maziwa, nanyonyesha, naacha maelekezo kwa dada anayenisaidia, halafu nasimama mbele ya kabati lililojaa na sioni cha kuvaa. Hii inabana kifua. Hii zipu iko mgongoni. Hii mwili umeikataa. Kuna asubuhi nilikaa chini ya lile kabati nikalia, na nilikuwa nalia kwa ajili ya sketi.

Jumamosi iliyofuata nilimwaga kila kitu kitandani. Kila nguo niliishika nikajiuliza jambo moja tu: nikiwa nimevaa hii, naweza kumnyonyesha mwanangu bila kuivua? Zilibaki sita, na mbili kati ya hizo ni madera ya nyumbani. Nyingine zote nilizisukumia kwenye begi la shangazi kaja, likapanda juu ya kabati. Ile blauzi ya krimu pia.

Nikaenda Kariakoo kutafuta vitenge. Mtaa wa Uhuru unaweza kukumaliza mfuko usipojua unachotaka, na mimi safari hii nilijua: pamba, rangi za giza, maua madogomadogo yaliyobanana. Doa la maziwa kwenye maua ya namna hiyo halionekani, na pamba inafyonza jasho hata Januari, joto la kaskazi linapokuwa limeshika jiji. Wauzaji wote watakuapia kwamba ni pamba tupu. Mama yangu alinifundisha kuchomoa nyuzi mbili pembeni na kuziwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ikijikunja na kuacha kipunje kigumu cheusi, hiyo si pamba. Nilinunua vitatu siku hiyo na viwili mwezi uliofuata. Vyote nililoweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi kabla ya kumpelekea fundi, ili kama kitambaa ni cha kurudi kirudi kabla ya kukatwa.

Fundi wangu yuko kwenye kibanda karibu na kituo ninaposhukia. Nilimkuta anakanyaga cherehani, pini zimejaa mdomoni. Nikamweleza.

"Dada, unataka mshono mmoja, nguo tano?"

"Mmoja. Usinibadilishie kitu isipokuwa kitambaa."

Aliona kama namnyima kazi. Alinionyesha picha kwenye simu, mikono ya puto, migongo wazi, marinda. Nikamshika mkono nikamchorea kwenye daftari lake: gauni la kufika chini kidogo ya goti, mikono ya kuishia kwenye kiwiko, mishono miwili inayoshuka kutoka begani kupita kifuani. Ndani ya ile mishono nikataka zipu fupi, moja kila upande, zilizofichwa. Mifuko miwili mirefu, ya kuzamisha simu na kadi ya nauli. Na kwenye kila mshono aache akiba ya kitambaa upana wa vidole viwili, kwa sababu mwili wangu bado ulikuwa haujaamua.

La kwanza alikosea. Zipu aliziweka juu mno, mtoto hafiki. Nilirudi naye mgongoni, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamnyonyesha palepale nimejifunika khanga, fundi akaweka alama kwa chaki mahali zipu inapotakiwa kuanzia. Tangu siku hiyo hajakosea tena.

Nywele nilizimaliza kwa neno moja: twende kilioni. Viatu ni vya chini, vya kufungika nyuma, maana mvua za masika zikishajaza Jangwani na njia ikafungwa, nimewahi kutembea kwenye maji, na kiatu cha kuchuchumia hakinifikishi nyumbani.

Ofisini waliona, bila shaka. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Hilo si ulilivaa Jumatano?" Nikamjibu ndiyo, na Jumatano ijayo atalikuta tena. Nilimjibu kwa upole, kwa sababu zamani na mimi niliogopa swali hilo kuliko kuchelewa.

Palipokuwa pagumu kweli ni kwenye sare. Wifi yangu alikuwa anaoza binti yake: kuna kitchen party, kuna send-off, kuna harusi, na kila moja ina kitambaa chake na mshono wake. Nilipiga hesabu. Mbali na mchango, ni nguo tatu ambazo ningezivaa mara moja moja na hakuna hata moja ya kunyonyeshea. Sikutaka kumwambia kwenye simu. Nilikwenda kwake, nikakaa mkekani.

"Wifi, mchango wangu huu hapa, kamili. Sare sitashona. Nipe kazi yoyote nikufanyie."

"Hata ya harusi? Watu watasemaje, wifi? Watasema hatuelewani."

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia daftari la michango nalishika mimi, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu, na nililishika hadi shilingi ya mwisho ikaonekana ilipokwenda. Kwenye picha za ukumbini wote wako kwenye bluu, mimi niko pembeni na gauni langu la maua ya kahawia, mtoto kifuani. Wifi hakunisemesha karibu mwezi. Iliniuma, na hadi leo nikiiona picha ile nasita. Lakini fedha ya sare tatu ndiyo iliyomlipa dada wangu mshahara wa mwezi ule, na kama siku ile ingerudi ningeamua vilevile. Alikuja mwenyewe baadaye, na kilo mbili za unga wa lishe, akambeba mtoto, hatukulizungumza.

Jumapili jioni napiga pasi magauni yote matano kwa pamoja, umeme usije ukanikatikia Jumatatu alfajiri. Nayatundika nyuma ya mlango yakifuatana, na mume wangu akishamwogesha mtoto, tunalala.

Yule mama aliyenifunika alistaafu Juni. Siku ya kumuaga alikuja na kipande chake cha ile doti amejitanda mabegani, na mimi nilikuwa na changu. Alinisogelea, akashika pindo la khanga yangu, akalilinganisha na lake.

"Mbona yako imechuja hivi?"

"Inafuliwa kila siku, mama."