Glasi Nne za Islay

Baba mdogo hakuwa mtu wa kusifia pombe ovyo. Kwao Marangu, kabla hajaenda Glasgow kuendesha mabasi, ndiye aliyekuwa akiitwa kuonja mbege kabla wageni hawajagawiwa. Akisema bado, mwenye shughuli anasubiri, hata kama wakwe wameshakaa. Mwaka niliokwenda kumtembelea alikuwa ameshastaafu, na ulimi wake ameuhamishia kwenye wiski, hasa zile zenye moshi zinazotoka Islay.

Islay ni kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, chenye watu wapatao 3,000. Tulipanda kivuko Kennacraig, tukakaa baharini zaidi ya saa mbili kwenye upepo ulionifanya nitamani nchi kavu ya aina yoyote, tukashukia Port Ellen. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane ambaye utotoni alikuwa akienda na baba yake kukata piti, yaani ule udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza nusu nusu kwa maelfu ya miaka. Hukatwa mabamba marefu, huanikwa yakakauka, halafu huchomwa kama kuni, na moshi wake ndio unaoingia kwenye shayiri ya wiski. Miti ni michache huko, piti ni tele.

Jioni yule bibi akatuwashia moto wa piti sebuleni kwa heshima ya wageni. Baba mdogo akamshukuru, akakaa dakika chache, kisha akaomba tuhamie jikoni na dirisha lifunguliwe. "Mwanangu, huwezi kuonja moshi umekaa ndani ya moshi," akaniambia kwa Kiswahili. Bibi wala hakukasirika. Alimwelewa bila kutafsiriwa, akacheka, akachukua chupa zetu na kwenda kumimina chumba cha pili ili tusijue kipi ni kipi.

Tulijua majina tu: Laphroaig ya miaka 10, Ardbeg ya miaka 10, Caol Ila ya miaka 12 na Lagavulin ya miaka 16. Zikaletwa glasi nne zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kila moja imekalia karatasi yenye namba. Nikaanza kuziinua kwenye taa niangalie rangi. Baba mdogo akanishika mkono. Sheria ya wiski ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo weusi wa wiski hauapi kwa miaka yake wala kwa pipa lake.

"Pua kwanza. Fungua mdomo kidogo unaponusa, la sivyo spiriti itakuchoma usisikie kitu."

Ya kwanza haikuhitaji mashauri. Iodini, bendeji mpya, mwani uliotupwa ufukweni. Laphroaig, na hata mwenye mafua angeitambua. Husimuliwa kwamba Wamarekani walipopiga marufuku pombe, hii iliendelea kuingia kwao kama dawa, na ukiinusa huoni sababu ya afisa wa forodha kubisha. Mdomoni kuna utamu mdogo mwanzoni, halafu dawa inarudi na kukaa. Niliiheshimu, lakini sikuipenda.

Ya pili ilikuwa nyepesi: majivu yaliyopoa, ganda la ndimu, chumvi kwenye kingo za ulimi, na mafuta kidogo yaliyobaki midomoni. Ya tatu ikanishika koo kwa pilipili manga na lami. Hapa ndipo tulipoachana. Baba mdogo alisema ya pili ni Ardbeg, mimi nikasema ni ya tatu. Sikusema hivyo kwa sababu ya moshi wake, maana kwangu zote mbili zilikuwa na moshi sawa. Nilifuata ukali: Ardbeg hutiwa chupani ikiwa na kilevi asilimia 46, nyingine pale mezani zilikuwa chini ya hapo. Nikadondosha maji nusu kijiko cha chai kwenye ya tatu, nikaizungusha, nikasubiri. Lami ikasogea pembeni, ikaja ndimu mbichi na vanila. Kwenye mrija wa mtungi wa kukenekea, ule wa kuchemshia pombe ili mvuke wake unaswe, watu wa Ardbeg wamefunga kifaa kinachorudisha mvuke mzito chini ukachemke tena, na nadhani ndimu ile inatokea hapo.

Bibi alipofunua majina, ya tatu ikawa Ardbeg kweli. Baba mdogo hakutikisika. "Sikuja kuulizwa jina. Nimekuja kuulizwa utamu."

Na kwa utamu alikuwa na hoja. Watu wa wiski hupenda kutambiana kwa namba za fenoli, zile kemikali zinazoachwa na moshi kwenye shayiri iliyochipua. Ardbeg hutajwa kuwa sehemu 55 kwa milioni, Laphroaig kati ya 40 na 45, Lagavulin kama 35. Lakini namba hiyo hupimwa kwenye kimea kabla hakijasagwa, na nyingi ya hizo fenoli hupotea njiani. Lagavulin na Caol Ila hutumia kimea cha Port Ellen chenye moshi wa kiwango kinachokaribiana, ila ukizionja huwezi kudhani zina undugu wowote. Mitungi ya shaba na mwendo wa kukeneka ndivyo vinavyoamua. Baba mdogo alisema ni kama msesewe kwenye mbege: gome lile likizidi, unakunywa uchungu mtupu, likikosekana, unakunywa uji wa ndizi. Hakuna anayepima ubora wa mbege kwa wingi wa msesewe. Unangoja kuona kama kimea cha ulezi na ndizi vimebaki na sauti yao.

Kwa kipimo hicho akaipa Caol Ila nafasi ya kwanza, kwa sababu shayiri ilisikika mwanzo mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa nimeshanasa kwenye glasi ya nne. Lagavulin haikunipokea kwa moshi. Zilitangulia zabibu kavu, kisha chai ya rangi iliyokolezwa sana, na nilipokwisha kumeza ndipo moshi ukapanda taratibu kutoka kifuani na kukaa hapo muda mrefu kuliko nyingine zote. Dosari yake ni kwamba haitaki maji. Nilitia matone machache tu ikalegea, ule uzito wote ukawa kimiminika cha kahawia. Ningeikata alama kwa hilo na bado ingeongoza.

"Hiyo imekuhonga kwa zabibu," alisema baba mdogo.

"Na wewe umehongwa na ndimu, baba mdogo."

Tulibishana mpaka bibi akaaga kwenda kulala. Kesho yake, kabla ya kupanda kivuko cha kurudi upande wa Port Askaig, baba mdogo alinunua Caol Ila yake, akaitazama bei ya Lagavulin na kuniuliza miaka minne ya ziada ndani ya pipa inalipwa na nani. Nikailipa mimi. Tulipofika Glasgow, shikamoo kwa mama mdogo haijaitikiwa vizuri, baba mdogo akawa wa kwanza kuuliza ile chupa ya ghali nimeiweka begi gani.