Hivi kwanini Mbeya hatuna geto la mkataba, yaani chumba cha kupanga unacholipia kidogo kidogo kila siku kama hesabu ya bodaboda?

Naanza na hesabu, maana stori za watu wanaolala nje huwa zinaanza na huruma, huruma ikiisha na stori imeisha. Chukua chumba kimoja Uyole au Ilomba, tuseme elfu 40 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali nae anataka mwezi wake, hapo kijana anaeshusha mizigo Mwanjelwa inabidi aweke mezani 280,000 kwa mpigo. Hana. Kwahiyo siku akipata analala gesti ya uchochoroni, ya elfu 7, mara tatu tu kwa wiki mwezi ukiisha keshatoa 84,000, na siku zilizobaki anajibanza kwenye baraza la duka mpaka mlinzi amfukuze, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba ya huku mnaijua wenyewe. Yaani huyu tunaemuita hana kitu analipa mara mbili ya mwenye chumba, na bado yuko nje!

Na sio watoto wa stendi peke yao. Dada wa kazi aliyetolewa Makete au Mufindi akigombana na bosi wake saa mbili usiku anapoteza kazi na kitanda kwa pamoja, hilo huwa hatulihesabu kabisa kwasababu kesho yake ameshaonekana kwa mtu mwingine.

Sasa kila mwaka kuna watu wanakuja kugawa mablanketi na maandazi, picha zinapigwa, gari linaondoka. Sibezi, blanketi ni blanketi. Ila mi nnaowakubali ni viongozi walioangalia geti lenyewe linalomzuia mtu wakaling'oa. Wafini kwa mfano. Miaka ya 80 walikuwa na watu zaidi ya 18,000 wasio na makazi, wakawa na mabweni ya kulala usiku kama sisi tulivyozoea kufikiri, mtu aache pombe kwanza, apate kazi kwanza, ndio afikiriwe nyumba. Kuanzia 2008 wakageuza, mtu anapewa nyumba kwanza, yenye ufunguo wake na mkataba wa jina lake, na kodi analipa (asiyeweza anasaidiwa na serikali), hayo ya pombe na kazi yanafuata akiwa ameshalala vizuri. Mabweni mengi wakayageuza kuwa nyumba za kupanga. Kuna taasisi yao inaitwa Y-Säätiö, ipo toka 1985, yenyewe inanunua nyumba na kupangisha, ni mwenye nyumba kabisa. Mwaka 2022 wasio na makazi walikuwa wameshuka chini ya 4,000. Najua, wao wana hela na serikali yao inachangia, sisemi tukopi kila kitu, nachosema ni ule mpangilio, kitanda kinatangulia.

Mwingine ni John Bird wa Uingereza, alianzisha gazeti la The Big Issue na Gordon Roddick mwaka 1991 pale London. Anaelala mtaani analinunua kwa nusu bei, anauza kwa bei kamili, faida yake. Bird mwenyewe alishalala nje na jela alishakaa, kwahiyo alijua mtu wa mtaani anaweza biashara vizuri tu, si ndio anaishi kwa kuungaunga kila siku? Kiongozi ambaye hajawahi kufukuzwa barazani usiku mara nyingi anaanza na semina.

Na tusiende mbali, hapo Iringa kuna Neema Crafts, ya kanisa la Anglikana, ilianza 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, na kuna mgahawa ambao wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Watu wanarudi pale kwasababu kahawa ni nzuri, hapo ndipo miradi mingi inapofeli, bidhaa mbovu inauzwa kwa huruma mara moja, mara ya pili hakuna anaerudi.

Sasa geto la mkataba. Wote tunajua bodaboda ya mkataba, unapeleka hesabu kila siku, mkataba ukiisha pikipiki yako. Kwanini kodi ya chumba isilipwe hivohivo, kidogo kidogo kila siku? Kampuni inachukua vyumba, tuseme kumi, inamlipa mwenye nyumba miezi sita yake kamili bila kumsumbua, kijana analeta 1,500 kwa siku kwa simu, mwezi inakuwa 45,000, ile elfu 5 ya juu inaendesha ofisi na kuziba pengo la atakaekimbia. Maana watakimbia wengine, tusidanganyane. Ndio maana anaechagua nani aingie awe mtu aliyelala stendi, anawajua kwa majina ya utani wote, anajua nani anapiga kazi na nani ana maneno tu.

Afu chumba kinafungua mengine. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo, vijana asilimia 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2, mkopo hauna riba kabisa, ila ni ya vikundi, na kikundi kinaanzia mtaani kwa mtendaji. Mtendaji anakuandikiaje barua wewe mkazi wa baraza la duka?

Mtaji wa vyumba kumi kwa hesabu ya juu ni milioni 2.4, bila dalali. Kuna harusi hapa mjini kamati inakusanya zaidi ya hiyo kwa wiki mbili. Kwahiyo wenye nyumba mnaosoma hapa, hasa wa Iyunga na Nzovwe, kampuni ikija na hela yako ya miezi sita mkononi, ungekataa kwa sababu ipi? Niandikieni, na msiandike "wezi" tu, leteni sharti ambalo mngetaka liwepo kwenye mkataba.